Jinsi ya kuisikiliza R.E.M. yote bila kuchokea njiani (usianze mwanzo)

Kila nikitaja R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, jibu ni lilelile, aah wale wa Losing My Religion, basi, stori imeisha. Siwalaumu, ule wimbo ulipigwa redioni mpaka ukachuja, lakini hawa jamaa wamekaa pamoja miaka 31, wakatoa albamu 15 za studio, na huo wimbo mmoja uko albamu ya saba. Juzi mdogo wangu kapata hedifoni mpya kanifuata, kaka nipe bendi moja ya roki nianze nayo, nikampa hii. Siku tatu nyingi, karudi na malalamiko, alianza na albamu ya kwanza kabisa, hakuambulia neno hata moja, akaacha akarudi kwenye amapiano yake. Kosa langu, sikumwelekeza. Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kumwambia siku ile.

Kwanza maandalizi. Albamu zote 15 ukiziunganisha ni kama masaa 12 hivi, kwa hiyo andaa bando la maana au zishushe kabisa ukiwa na waifai ya ofisini (bosi hajui, na mimi sijasema kitu). Hedifoni iwe na masikio mawili yanayofanya kazi. Nasema hivi kwa sababu mi nilisikiliza nusu ya hizi albamu na sikio la kulia limekufa, siku nilipobadilisha nikagundua kuna vigitaa na watu wanaoitikia kule nyuma ambao miaka yote sikujua wapo. Albamu moja kwa siku inatosha, ukila tatu kwa mkupuo zinaanza kufanana.

Pili, achana na zile albamu za mkusanyiko wa vibao. Sababu moja tu nakupa: mkusanyiko wao wa 2003 wenye nyimbo za miaka waliyokuwa na Warner (lebo kubwa waliyohamia baadaye), wenyewe wameuacha nje Shiny Happy People, wimbo uliofika kumi bora Marekani, kwa sababu walikuwa hawautaki tena kuusikia. Sasa historia gani hiyo ambayo mwenye nyumba kakufungia chumba kimoja.

Tatu, na hili ndo kubwa kuliko yote, MFUATE MPIGA DRAMU. Watu wote wanamwangalia Michael Stipe kwa sababu ndo anaimba na ana upara wake ule, lakini ukitaka kuielewa safari ya hii bendi macho yako kwa Bill Berry. Utaona kwa nini huko mbele.

Haya, wanne wenyewe ni hawa: Stipe anaimba, Peter Buck gitaa, Mike Mills besi na kinanda na kuitikia, Berry dramu. Mji wao ni Athens, sio wa Ugiriki, Athens ya jimbo la Georgia huko kusini mwa Marekani, mji wa chuo. Buck alikuwa anauza sahani za santuri kwenye duka linaitwa Wuxtry, Stipe alikuwa mwanafunzi wa sanaa anakuja kununua, wakajikuta wanapenda vitu vilevile. Mills na Berry wao walijuana tangu sekondari kule Macon, na mwanzoni walikuwa hawapikiki chungu kimoja, mmoja mtoto wa shule kweli kweli mwingine mtundu, muziki ndo ukawapatanisha. Shoo ya kwanza tarehe 5 Aprili 1980, kwenye bethidei ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani ambalo lilikuwa limeshaacha kuwa kanisa. Jina wakalitoa kwenye kamusi, kafungua Stipe kidole kikaangukia hapo.

Sasa kuna kitu walikubaliana mapema, na nakuomba ukikumbuke safari nzima. Kila wimbo, hata kama kaandika mtu mmoja chumbani kwake usiku, unaandikwa majina yote manne, na hela inagawanywa sawa kwa sawa. Na mmoja akikataa jambo limekufa. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, tumezoea mtu leo yuko Msondo kesho yuko Sikinde keshokutwa karudi Msondo, bendi kukaa na watu walewale wanne miaka 17 ni kitu cha kushangaza, na mi naamini siri ni hapo tu kwenye majina manne.

Sasa tuanze kusikiliza, na tunaanzia katikati. Weka Automatic for the People ya 1992, albamu ya nane. Kwa nini hii? Kwa sababu maneno yanasikika, nyimbo nyingi ni za taratibu, na kuna vinanda na violini ambavyo baadhi alipanga John Paul Jones yule wa bendi ya Led Zeppelin. Hilo jina la albamu limetoka kwa mamantilie wa Athens, yani mgahawa wa Weaver D's, lilikuwa neno lao la kumjibu mteja, ukiagiza kuku unajibiwa "automatic", maana yake inakuja bila maneno mengi. Albamu inazungumzia kifo na kuzeeka na kukumbuka, halafu wameipa jina la mgahawa wa kuku, hao ndo R.E.M.

Fika kwenye Everybody Hurts halafu tulia. Wengine wanauona wimbo wa kulialia, sawa, wewe sikiliza ile biti ya mwanzo, tik, tik, tik, haina hata mbwembwe. Ile ni mashine. Na sehemu kubwa ya huu wimbo inasemekana kaiandika nani? Bill Berry, mpiga dramu! Yani mpiga dramu kaleta wimbo, wenzake na yeye wamekaa, wakaona mashine inatosha, na yeye hajanuna. Hebu fikiria prodyuza wako mjini hapa amwambie mpiga dramu hivyo. Iweke hiyo tik tik kichwani, tutairudia.

Siku ya pili rudi nyuma hatua moja, Out of Time ya 1991. Hapa ndo kuna Losing My Religion, sasa kwa vile unaijua, isikilize kama vile huijui. Kile chombo kinachokuna kuanzia mwanzo sio gitaa ni mandolini. Buck alikuwa ndo anajifunza kuipiga, akawa anajirekodi akiwa anafanya mazoezi, akaja kusikiliza baadaye, katikati ya makosa kibao akakuta kale kamelodi. Halafu kitafute kiitikio. Hukipati, kwa sababu hakipo! Wimbo uliofika namba 4 Marekani, ukachukua Grammy, hauna kiitikio. Na mama yangu mpaka leo anauita ule wimbo wa kuasi dini, enzi zile ukipigwa anazima redio, na mi nilimwamini miaka mingi tu, kumbe ni msemo wa watu wa kusini kule Marekani, mtu akisema amepoteza dini yake ana maana uvumilivu umemwisha, anakaribia kulipuka. Stipe anamwimbia mtu anayempenda ambaye wala hana habari naye. Nilimweleza mama, akaniangalia tu, akasema kwa nini wasingesema hivyo.

Kingine kwenye hii albamu, walikuwa wamechoka kila mtu kukaa na chombo chake, wakawa wanabadilishana, kuna sehemu Berry kaacha dramu kashika besi. Na albamu zote mbili hizi, zilizouza kuliko zote, hawakwenda ziara. Wamekaa nyumbani pesa ikawafuata.

Ukishazizoea hizi mbili ndo unaanza kushuka kwenda miaka ya 80, na unashuka kinyumenyume. Anza Document ya 1987. The One I Love ndo wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora Marekani, uliishia namba 9, na watu mpaka leo wanautuma kwa wapenzi wao kwenye redio. Jamani sikilizeni mstari wa tatu basi! Anasema huyo mtu alikuwa kitu cha kupotezea muda tu. Usiuweke kwenye harusi ya mtu, nakuomba, niliwahi kuukuta kwenye video ya send-off nikakosa pa kuangalia.

Halafu Lifes Rich Pageant ya 1986. Hapa prodyuza Don Gehman alimkalia kooni Stipe atamke maneno, na unasikia kabisa mtu anaanza kufungua mdomo. Fall on Me iko humu, Mills anaimba maneno mengine kabisa nyuma ya Stipe wakati mmoja, ndo maana nilisema hedifoni ziwe nzima. Fables of the Reconstruction ya 1985 walienda kurekodi London kwenye baridi, wakiwa wamechokana, na inasikika hivyo, ina nyimbo mbili tatu tamu, pita. Reckoning ya 1984 ni nyepesi ya mbio mbio, ipige ukiwa unafua nguo.

Ndo unafika Murmur, 1983, ile iliyomshinda mdogo wangu. Sikia, HAKUNA anayesikia maneno ya Murmur. Wamarekani wenyewe hawasikii. Stipe alikuwa anamumunya kwa makusudi na hata jina la albamu ni hilohilo, mnong'ono. Mashairi hawakuchapisha pia. Kwa hiyo usijione Kiingereza chako kibovu, hapo wote tuko darasa moja. Na tena sisi tuna faida, kwa sababu wangapi tumecheza Kilingala miaka nenda rudi, tukaimba na vibwagizo vyote, bila kujua hata neno moja linamaanisha nini? Basi masikio yaleyale unayotumia kwa Franco ndo uyatumie hapa. Sauti ya Stipe ichukulie kama ala ya nne, mfuate Mills kwenye besi maana melodi iko kule, na gitaa la Buck linavyodondoka nukta moja moja badala ya kukwangua nyuzi zote kwa pamoja kama roki ya wakati ule. Sikiliza mara tatu kabla hujaamua. Ya kwanza ukungu, ya pili ukungu, ya tatu unajikuta unaimba maneno ambayo hayapo.

Kwenye kava utaona kama shamba limefunikwa na kitu, ile ni kudzu, mmea wa kutambaa ulioletwa kutoka Asia ukaishika kusini-mashariki mwa Marekani, unafunika miti, vibanda, kila kitu. Wenye mashamba wataelewa. Mi naona hakuna kava lililoendana na muziki wake kama hilo.

Hapo hapo elewa walivyotoka. Singo yao ya kwanza Radio Free Europe ilitoka 1981 kwenye kalebo kadogo Hib-Tone, kopi elfu moja za mwanzo, nyingi zikagawiwa bure kwa waandishi na redio. Redio kubwa hazikuwa na habari nao, waliowapiga ni redio za vyuo, watangazaji wenyewe wanafunzi. Wao wakawa na kigari chao wanazunguka mji kwa mji, baa kwa baa, miaka. Murmur ilipotoka chini ya lebo ya I.R.S., wachambuzi wa jarida la Rolling Stone wakaichagua albamu ya mwaka, mwaka ambao Michael Jackson anatamba na Thriller. Lakini hawakulipuka siku moja, kila albamu ilipanda kidogo kuliko iliyopita, na hapo ndo mabendi mengine ya roki mbadala yalipojifunza kwamba inawezekana kukua bila kujibadilisha usiku mmoja.

Sasa ruka urudi mbele, Green, ilitoka tarehe 8 Novemba 1988, siku ya uchaguzi wa rais Marekani na sio bahati mbaya. Ndo ya kwanza na Warner Bros., lebo kubwa, na mashabiki wa zamani wakaanza wimbo wao wa wameuza utu. Mandolini inaanza kuonekana humu. Wamechapisha mashairi ya wimbo mmoja tu, World Leader Pretend. Mmoja! Haya basi, tunashukuru.

Kisha Monster ya 1994, na hapa punguza sauti kabla hujabonyeza. Baada ya albamu mbili za upole Berry alisema anataka kupiga roki na kwenda ziara, basi wakatoa magitaa ya kelele yanayotetemeka, na sauti ya Stipe ikazikwa tena kama zamani. Let Me In humo ndani wameiimba kwa ajili ya Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliyekuwa rafiki wa Stipe na alikuwa amefariki Aprili mwaka huohuo. Hauna dramu karibu kabisa, ni gitaa linanguruma na mtu anaomba afunguliwe mlango, sijui kama kuna wimbo mwingine wao unaoniumiza hivyo.

Ziara sasa. Mwaka 1995, ya kwanza baada ya miaka sita. Tarehe 1 Machi wako Lausanne, Uswisi, Berry kichwa kikamshika akiwa stejini, kumbe mshipa wa damu kwenye ubongo umevimba ukapasuka. Wakamfanyia upasuaji, akapona, wiki chache baadaye akarudi kupiga. Julai Mills naye kapasuliwa tumbo. Agosti Stipe ngiri. Ukisoma unadhani kuna mtu kawaendea kwa mganga. Na katikati ya hayo yote wakawa wanarekodi nyimbo mpya, wakati wa kujaribu vyombo kabla ya shoo, vyumba vya nyuma, hata stejini, ikatoka New Adventures in Hi-Fi, 1996. Dakika 65, ndefu kuliko zote.

Hii usiisikilize nyumbani. Iweke ukiwa safarini, basi la mkoani, kiti cha dirishani, na uwe umeshakula. E-Bow the Letter wamemshirikisha Patti Smith, mwanamama mwimbaji wa roki ambaye Stipe alianza kupenda muziki kwa kumsikiliza akiwa mtoto, sauti yake inaingia kama mtu anaita kutoka chumba cha pili. Leave ina king'ora kinalia wimbo mzima, dakika saba, wenye kichwa kinachouma waruke. Kwangu hii ndo bora kuliko zote, najua wengi watasema Automatic, sawa, ila ni hapa tu unasikia wanne wote wanajua wanachofanya na wamechoka na hawaachi.

Mwaka huohuo wakasaini upya na Warner, magazeti yaliandika dola milioni 80. Na Oktoba 1997, wako mazoezini kwa ajili ya albamu inayofuata, Berry akawaambia anaacha. Hakuna ugomvi. Amechoka kusafiri, anataka shamba. Na akasema kama kuondoka kwake kutaivunja bendi basi atabaki. Wakamruhusu. Akaenda kulima nyasi za ng'ombe huko jirani na Athens, namheshimu mpaka kesho.

Sasa weka Up, 1998. Wimbo wa kwanza Airportman. Sikiliza biti. Mashine! Unaikumbuka ile tik tik ya Everybody Hurts? Kule mashine iliingia mwenye kiti akiwa amekaa pembeni amekubali, huku imewekwa kwenye kiti kitupu. Mashine ni mashine lakini sio sauti moja, we sikiliza zote mbili zikifuatana utaniambia. Waliokuwa wamebaki watatu walikaribia kuvunjika wakiitengeneza, walikuwa hata hawajui nani anamaliza mjadala sasa. Na kichekesho ni kwamba ndo albamu ya kwanza kuchapisha mashairi yote. Miaka 15 tunaomba, tumepewa msibani. At My Most Beautiful ni nzuri mno lakini, usiipite.

Zilizobaki nne nazipitia haraka. Reveal ya 2001 ni ya jua na joto, Imitation of Life ina kila kitu cha zamani, isikilize. Around the Sun ya 2004 iruke, hata Buck mwenyewe aliiponda hadharani, mi niliinunua nikaimaliza kwa nidhamu tu. Accelerate ya 2008 haifiki dakika 35, gitaa mbele, hasira, wamezinduka. Collapse into Now ya 2011 wanaaga bila kukwambia wanaaga, kwenye kava Stipe kapunga mkono na hakuna aliyeshtuka. Tarehe 21 Septemba 2011 wakatangaza kwenye tovuti yao kwamba wameacha, basi, hakuna kesi mahakamani wala matusi, na hawakurudi kufanya ile ziara ya kurudi ambayo kila bendi ya umri wao imefanya ikapiga hela.

Ukikwama popote njiani, dawa ni shoo za MTV Unplugged, zile za kupiga bila magitaa ya umeme, ile ya 1991 na ile ya 2001. Ya kwanza Berry yupo ya pili hayupo. Nyimbo kadhaa zinajirudia kwa hiyo unaweza kuzilinganisha ubavu kwa ubavu, chukua jioni moja kwa kazi hiyo.

Na cha kumalizia safari, tafuta video ya Juni 2024, New York, siku walipoingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo. Watunzi, angalia, wote wanne, kwa sababu ya yale majina manne kwenye kila wimbo. Wanapiga wimbo mmoja tu na unajua ni upi. Wazee sasa, mvi tupu. Mtafute Berry kwanza kabla hujamwangalia mwimbaji. Mdogo wangu nimemtumia hiyo video jana, kajibu "sawa, naanza na ile ya kuku".